Sindano ikishatumika inaenda wapi? Safari ya uchafu wa hospitali mashariki mwa Kongo

Mtoto amepigwa sindano ya malaria. Amelia kidogo, mama yake amemfunga mgongoni na wameshika njia ya nyumbani. Kwa mama huyo, kazi ya sindano imeisha. Kwa mwanamke atakayefagia chumba hicho jioni, ndiyo kwanza inaanza.

Ikiwa muuguzi aliiweka sindano ndani ya sanduku la usalama, mwanamke huyo atafagia, atapiga deki na kwenda kupikia watoto wake. Lakini ikiwa sindano ilitupwa ndani ya pubele pamoja na karatasi na maganda ya ndizi, yeye atainua mfuko, ataugandamiza kwa mkono ili ufungike, na ncha itamtoboa. Hatajua sindano ilitoka kwa mgonjwa gani. Pengine hatamwambia mtu.

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu huzungumza sana juu ya dawa zinazokosekana, waganga wasiolipwa na vituo vya afya vilivyoporwa wakati wa vita. Ni mara chache kusikia mtu akiuliza kuhusu kinachobaki baada ya matibabu: sindano, viwembe vya upasuaji, bendeji zenye damu, kondo za nyuma za wazazi, chupa za damu kutoka maabara, dawa zilizopitwa na wakati. Hata hivyo, vitu hivyo vinatoka kila siku katika kila kituo, kuanzia hospitali kuu ya rufaa hadi kituo kidogo cha afya kijijini. Lazima viende mahali fulani.

Sehemu ndogo, hatari kubwa

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba karibu asilimia 85 ya uchafu wote unaotoka hospitalini ni uchafu wa kawaida, sawa na ule wa nyumbani: karatasi, katoni, mabaki ya chakula, majani ya kufagia. Asilimia 15 inayobaki ndiyo yenye hatari. Ndani yake kuna uchafu wenye kubeba magonjwa, kemikali na dawa. Vitu vyenye ncha kali, kama sindano na viwembe, ni karibu asilimia 1 tu ya uchafu wote.

Asilimia hiyo 1 ndiyo inayotoboa mkono. OMS inakadiria kwamba mtu akitobolewa mara moja na sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, nafasi ya kuambukizwa inafika asilimia 30 kama hana chanjo. Kwa homa ya ini aina ya C ni asilimia 1,8, na kwa virusi vya ukimwi ni asilimia 0,3. Hivyo ugonjwa unaoogopwa kuliko yote, ukimwi, si wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza ni homa ya ini ya B, ambayo inaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka mingi na mwishowe kuharibu ini au kuleta kansa.

Hesabu hii inaonyesha pia kwa nini kutenganisha uchafu ni jambo la kwanza. Tuseme kituo kinatoa kilo 100 za uchafu. Kilo 85 hazina hatari na zinaweza kwenda mahali uchafu wa mtaa unapokwenda. Kilo 15 zinahitaji uangalifu. Lakini kama zote zimechanganywa ndani ya pubele moja, zote 100 zinakuwa za hatari, kwa sababu hakuna atakayeingiza mkono kuzichambua. Kituo ambacho kingehitaji kuni au mafuta ya kuchoma kilo 15 sasa kinahitaji ya kuchoma kilo 100. Na kwa kuwa mafuta hayo hayapo, uchafu unabaki nyuma ya jengo.

Funzo la Yambuku

Kongo ina sababu ya kulijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, ugonjwa usiojulikana ulianza kuua watu. Baadaye uliitwa Ebola, jina la mto ulio katika eneo hilo. Watu 318 waliugua na 280 kati yao walikufa. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa mmoja wa waganga wa kwanza kufika pale, na alichukua damu za wagonjwa bila glavu.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha jinsi ugonjwa ulivyosambaa. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba ya sindano matano na sindano zake kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, sindano zilisuuzwa ndani ya maji ya vuguvugu, basi. Kati ya wagonjwa 288 ambao njia yao ya kuambukizwa ilijulikana, 85 walikuwa wamepigwa sindano katika hospitali hiyo. Wafanyakazi 11 kati ya 17 wa hospitali walikufa, na hospitali ikafungwa. Kufungwa kwake ni mojawapo ya mambo yaliyosaidia kuuzima ugonjwa.

Walioifanya kazi ile hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na vifaa vichache na wagonjwa wengi, kama ilivyo leo katika vituo vingi. Miaka 19 baadaye, mwaka 1995, Ebola ilizuka Kikwit. Watu 315 waliugua, na 80 kati yao walikuwa wafanyakazi wa afya. Ni mtu mmoja kwa kila wanne.

Tangu wakati huo kumekuwa na mabadiliko makubwa. Mwaka 1999, OMS na UNICEF pamoja na mashirika mengine waliomba nchi zote zitumie katika chanjo sindano zinazojifunga zenyewe: ikishasukumwa mara moja, haivutiki tena. Ndizo zinazotumiwa leo wakati wa kampeni za chanjo ya surua. Zinafika pamoja na masanduku ya usalama ya kuzitupia. Hatari ya sindano moja kutumiwa kwa watoto wawili imepungua sana. Lakini sindano iliyojifunga bado ina ncha, na ncha hiyo bado ina damu.

Beni, Mangina na vituo vya mtaani

Wakaaji wa Kivu Kaskazini na Ituri hawahitaji kusimuliwa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuanza upande wa Mangina, karibu na Beni, na ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua na 2.287 walikufa. Wafanyakazi wa afya zaidi ya 160 walikuwa kati ya walioambukizwa.

Katika miezi ya kwanza, watu walishangaa kuona watoto wengi wakiugua mjini Beni. Wakati huo huo malaria ilikuwa kali, na wazazi walikuwa wakiwapeleka watoto katika vituo vidogo vya mitaani, vile vinavyochanganya dawa za kizungu na za kienyeji. OMS ilivitaja vituo hivyo kuwa njia mojawapo ya kusambaza ugonjwa, kwa sababu ya usafi mbaya na sindano zisizo salama. Mtoto aliingia na malaria akatoka na Ebola.

Katika vituo vya kutibu Ebola, kanuni ya uchafu ilikuwa ngumu na rahisi kwa wakati mmoja: kilichoingia katika eneo la wagonjwa hakitoki. Glavu, nguo za kujikinga, sahani za chakula, magodoro, vyote vilichomwa mle mle ndani ya ukuta. Watu wa usafi walivaa sawa na waganga, na walifundishwa sawa na wao. Kazi yao ilihesabiwa kuwa sehemu ya matibabu.

Ebola ilipokwisha, mahema mengi yaliondolewa. Vituo vya kawaida vilirudi kwenye hali yao, vingi bila tanuri, bila maji ya kutosha, na bila mtu aliyefundishwa kushughulikia uchafu. Kisha ikaja Mpox. Aina yake mpya iligunduliwa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu Kusini, mwezi wa Septemba 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Ugonjwa huu unapita pia kwenye mashuka, nguo na bendeji zilizogusa vidonda. Swali likarudi lile lile: bendeji hizo zinaenda wapi?

Pubele tatu na mkono wa muuguzi

Mambo mengi huamuliwa katika sekunde chache, pale muuguzi anapomaliza kupiga sindano. Mkono wake ukienda mahali panapofaa, watu wote watakaoshika uchafu huo nyuma yake wako salama. Ukienda mahali pabaya, hakuna tanuri litakalosahihisha kosa hilo.

Utaratibu unaopendekezwa na OMS ni wa pubele tatu. Ya kwanza, nyeusi, ni ya uchafu wa kawaida. Ya pili, ya manjano, ni ya uchafu wenye kubeba magonjwa: bendeji, pamba zenye damu, glavu zilizotumika. Ya tatu ni sanduku gumu lisilotoboka, kwa ajili ya vitu vyenye ncha kali. Dawa zilizopitwa na wakati na kemikali za maabara zinawekwa kando.

Sanduku la usalama la kawaida, lile la katoni ngumu la lita 5, linaingiza sindano karibu 100. Linafungwa likifika robo tatu, si likijaa hadi juu. Watu wengi hutobolewa wakati wanapojaribu kusukuma sindano ya mwisho ndani ya sanduku lililojaa. Baada ya kufungwa halifunguliwi tena, halimwagwi, na halitumiwi mara ya pili, hata kama bado linaonekana zuri.

Kosa jingine linalofanywa kila siku ni kurudisha kifuniko kwenye sindano. Muuguzi anashika kifuniko kwa mkono wa kushoto, sindano kwa mkono wa kuume, na wakati huo mgonjwa anasukuma mlango au mtoto anapiga kelele. Sindano inakosa tundu na kuingia kidoleni. Kanuni ni kutofunika kabisa: sindano pamoja na bomba lake vinatumbukizwa sandukuni papo hapo. Kwa sababu hiyo sanduku linatakiwa kuwa karibu na mkono, pale sindano inapopigiwa, wala si katika chumba kingine.

Haya yote hayahitaji umeme wala mashine. Yanahitaji masanduku yasikatike. Yakikatika, kuna vituo vinavyotumia vidumu vya plastiki ngumu vyenye kifuniko, vilivyoandikwa wazi kwa nje. Si kamili, lakini ni bora kuliko mfuko wa plastiki.

Moto peke yake hautoshi

Nyuma ya vituo vingi vya afya kuna shimo lenye majivu meusi. Ndani yake mtu anaweza kuona sindano zilizoungua nusu, plastiki iliyoyeyuka, na chupa ndogo za dawa zilizopasuka. Uchafu umechomwa, kweli, lakini haujaisha.

Moto wa shimoni ni hafifu. Unaunguza karatasi na kuacha ncha za chuma zikiwa kali kama zilivyokuwa. Mbaya zaidi, plastiki inayoungua kwa moto hafifu inatoa moshi wenye sumu zinazoitwa dioksini na furani, ambazo zinaweza kuleta kansa na ambazo hudumu muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Kuku anayechakura karibu na shimo hilo na mbuzi anayekula majani ya pembeni vinazirudisha sumu hizo mezani.

Tanuri zuri lina vyumba viwili. Katika cha kwanza uchafu unaungua. Katika cha pili moshi wenyewe unaungua. Matanuri madogo ya matofali yaliyojengwa katika vituo vingi vya Afrika yanafuata kanuni hiyo, na yanatakiwa kupita digrii 800. Ili kufika hapo, lazima tanuri lipashwe kwanza kwa kuni kavu au mafuta, ndipo uchafu uingizwe kidogo kidogo. Mtu akijaza mifuko yote mara moja na kuwasha kiberiti, tanuri hilo linakuwa shimo lenye kuta tu.

Kuna pia vitu visivyoingia motoni hata kidogo. Chupa zilizofungwa na makopo yenye hewa hupasuka kama bomu. Vipimajoto vya zebaki hutoa mvuke wa sumu. Uchafu uliolowa klorini huongeza dioksini. Na kondo la nyuma, ambalo ni maji matupu, huzima moto. Lina shimo lake lililofunikwa, mbali na kisima au chemchemi kwa angalau mita 50.

Njia ambayo OMS inaitanguliza leo ni ile isiyo ya moto: kupika uchafu kwa mvuke wenye mgandamizo, katika digrii 121 au zaidi, hadi vijidudu vyote vife. Haitoi moshi wa sumu. Lakini inahitaji maji, umeme wa kuaminika na fundi wa kuitengeneza. Kwa hospitali kubwa ya mjini inawezekana. Kwa kituo cha kijijini, tanuri lililojengwa vizuri na kutumiwa vizuri bado ndilo jibu la sasa. Majivu yake nayo hayatupwi shambani. Yanaingia katika shimo lililojengwa na kufunikwa.

Goma juu ya makoro, Bukavu kwenye mteremko

Kila mji una ugumu wake. Goma imejengwa juu ya makoro, mawe ya volkano ya Nyiragongo. Kuchimba shimo la mita mbili pale ni kazi ya nyundo na patasi kwa siku nyingi. Kituo kinachotaka shimo la kondo la nyuma, shimo la majivu na vyoo kinalipa gharama mara kadhaa kuliko kituo cha penye udongo laini. Tena mawe hayo yana nyufa nyingi. Kinachomwagwa juu kinateremka haraka, bila kuchujwa na udongo, kuelekea chini ambako kuna Ziwa Kivu. Na wakaaji wengi wa Goma wanateka maji ya ziwa hilo kwa bidoni.

Bukavu ina tatizo la namna nyingine. Mji umekaa juu ya milima yenye mteremko mkali, na nyumba zimebanana. Kila mvua kubwa inachukua kilichotupwa mitaroni na mabondeni na kukipeleka ziwani. Takataka za plastiki zinafika hadi kwenye bwawa la Ruzizi, ambapo huziba mitambo na kupunguza umeme. Hivyo uchafu unaotupwa ovyo unarudi kwa hospitali yenyewe kwa njia nyingine: umeme ukikatika, mashine ya kuua vijidudu inasimama.

Kisha kuna vita. Kituo kinapoporwa, magodoro na dawa huchukuliwa, uchafu huachwa. Watu wanapokimbia, masanduku yaliyojaa hubaki chini ya meza, na watoto wa wale wanaokuja kujificha ndani ya jengo huyakuta. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, hospitali za mji zilipokea majeruhi kupita uwezo wao, wakati maji na umeme vimekatika. Katika siku hizo hizo, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieleza wasiwasi wake kuhusu maabara ya INRB mjini humo, ambamo sampuli za virusi hatari kama Ebola zilikuwa zimehifadhiwa. Onyo hilo lilikumbusha kwamba kinachokaa ndani ya chupa ndogo ya maabara kinahitaji ulinzi sawa na ghala la silaha.

Walio chini ya ngazi

Wanaoshika uchafu wa hospitali kila siku ni wale wanaolipwa kidogo kuliko wote: watu wa kufagia, wa kufua, wa kuchoma. Wengi ni wanawake. Mara nyingi hawaitwi kwenye mafunzo, kwa sababu mafunzo ni ya wauguzi. Glavu wanazopewa ni zile nyembamba za kumpimia mgonjwa, ambazo sindano inazipita kama karatasi. Wanaokuja na kandambili wanafanya kazi kwa kandambili.

Wanachohitaji kinajulikana. Glavu nene za mpira, buti, aproni, na kitu cha kufunika mdomo na macho kwa mwenye kuchoma. Sabuni na maji mahali pa kazi. Na chanjo ya homa ya ini ya B, ambayo mtu mzima huipata kwa dozi tatu katika muda wa miezi sita. Watoto wa leo wanaipata ndani ya chanjo za kawaida za PEV, lakini wafanyakazi wengi walizaliwa kabla haijaanza kutolewa.

Wanahitaji pia kujua la kufanya siku wanapotobolewa. Kwanza, kuosha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni, bila kukamua kidonda, bila kukinyonya, na bila kumwagia klorini kali. Pili, kumwambia mkuu wa kituo siku hiyo hiyo. Tatu, kupata dawa za kuzuia virusi vya ukimwi kabla ya saa 72 kupita. Zikianza mapema ndani ya saa chache ni bora zaidi, nazo humezwa kwa siku 28. Mwanamke anayenyamaza kwa kuogopa kugombezwa au kufukuzwa anapoteza saa hizo.

Nje ya ukuta wa hospitali kuna wengine. Maibobo wanaochambua jalala kutafuta chuma na plastiki ya kuuza. Watoto wanaofanya bomba la sindano kuwa mchezo wa kurushiana maji. Wasukuma chukudu wanaobeba mifuko bila kujua ndani mna nini. Hakuna chanjo wala buti kwa hao. Ulinzi wao pekee ni kwamba sindano isifike jalalani.

Sheria zipo, mfuko ni mtupu

Sheria za nchi hazikunyamaza. Katiba, katika kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na ana wajibu wa kuyatetea. Kifungu cha 55 kinafanya kumwaga na kufukia taka zenye sumu au hatari kuwa jinai, hata kama hazikutoka nchi za nje. Kuna sheria ya Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira, na sheria ya Desemba 2018 juu ya afya ya umma.

Kinachokosekana ni mkono wa kuzitekeleza na mfuko wa kuzilipia. Nchi ina zoni za afya 519. Kivu Kaskazini na Kivu Kusini zina 34 kila moja. Katika nyingi kati ya hizo, kituo cha afya kinaishi kwa pesa za wagonjwa. Mwisho wa mwezi muuguzi mkuu anahesabu: dawa, marupurupu ya wafanyakazi, karatasi, mafuta ya pikipiki. Kuni za tanuri zinakuja mwisho, au hazifiki kabisa. OMS ilisema mwaka 2022 kwamba katika nchi maskini kuliko zote, asilimia 60 ya vituo vya afya havikuwa na uwezo wa kushughulikia uchafu wao, hata kabla ya kuongeza ule ulioletwa na korona.

Mashirika hujenga matanuri, na hilo linasaidia. Lakini tanuri bila kuni, bila mwenye kuliendesha na bila pesa ya kubadilisha matofali yanayopasuka, hudumu muda mfupi kisha mbuzi hulala ndani yake. Katika zoni ambazo vituo hulipwa kufuatana na ubora wa kazi, usafi na utunzaji wa uchafu vinapewa alama, na alama hizo ni pesa. Huko ndiko muuguzi mkuu ana sababu ya kununua kuni kabla ya kununua kiti kipya.

Njia nyingine ni ya kushirikiana. Si lazima kila kituo kiwe na tanuri lake. Vituo vitano au sita vinaweza kupeleka masanduku yaliyofungwa kwenye hospitali kuu ya rufaa yenye tanuri zuri, kama inavyofanyika baada ya kampeni za chanjo, masanduku yanaporudishwa kwa bodaboda hadi ofisi ya zoni. Kinachofanyika kwa siku tano za kampeni kinaweza kupangwa kwa mwaka mzima, mradi njia iwe salama na mtu ahesabu masanduku yaliyotoka na yaliyofika.

Mgonjwa na jamaa yake

Raia naye ana sehemu yake. Anayepigwa sindano ana haki ya kuona pakiti mpya ikifunguliwa mbele ya macho yake, na kuona sindano ikiingia sandukuni baadaye. Kuuliza si kumdharau muganga. Wanaolinda wagonjwa hospitalini, wanaolala na kupika pale, wanaweza kuuliza pubele ipi ni ya mabaki ya chakula, na kuwazuia watoto kucheza karibu na shimo.

Mwenye kisukari anayejipiga sindano nyumbani, au familia inayoitiwa muuguzi wa mtaani, isitupe sindano chooni wala jalalani. Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko inatosha kuziweka. Ikifika robo tatu inafungwa vizuri na kupelekwa kwenye kituo cha afya. Dawa zilizopitwa na wakati nazo zisimwagwe mtoni. Zirudishwe kwa muuguzi.

Kamati za afya za mitaa na RECO, ambao hupita nyumba kwa nyumba kuzungumzia chandarua na chanjo, wanaweza kuongeza maneno machache juu ya sindano. Tena katika mikutano ya kamati, pale bajeti ya kituo inaposomwa, mtu mmoja anaweza kuinua mkono na kuuliza ni kiasi gani kimewekwa kwa ajili ya uchafu. Mara nyingi jibu ni sifuri, na hilo ndilo jambo la kuzungumza.

Jioni, mwanamke wa usafi anarudi katika chumba kile. Juu ya meza kuna sanduku la manjano, limefika robo tatu. Kama muuguzi amelifunga na kumwambia, «Mama, hili tayari, kuna jingine jipya kabatini,» yeye atalishika kwa mpini, atalibeba hadi kwenye tanuri, na ataosha mikono. Atafika nyumbani kabla ya giza. Sindano ya asubuhi itakuwa majivu ndani ya shimo lililofunikwa, na hakuna atakayeikuta tena.